Karatasi ya Mahudhurio Haithibitishi Ushirikishwaji

Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii nimeisikia kauli hii mara nyingi mno: "Wananchi walishirikishwa, mkutano ulifanyika." Inaniuma kwa sababu wanaoitamka huiamini kwa dhati.

Ukweli ni kwamba mwananchi ameshirikishwa pale tu maoni yake yanapoweza kubadili uamuzi ambao bado haujapitishwa. Sherry Arnstein, mtaalamu wa Marekani wa ushirikishwaji wa wananchi, alilieleza jambo hili mwaka 1969 kwa mfano wa ngazi yenye vidato 8: katika vidato vya kati watu hupewa taarifa na kuulizwa maoni bila uhakika kwamba yatafanyiwa kazi, na ni vile vya juu tu vinavyowapa sehemu ya mamlaka yenyewe. Vikao vingi nilivyohudhuria viliishia katikati.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe baada ya kiharusi. Kikao kilihusu ratiba ya huduma za matunzo nyumbani, naye alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, akitazama saa kila mara, kwa kuwa jirani alikubali kukaa na mgonjwa kwa saa 1 tu. Rasimu ikasomwa neno kwa neno, na maswali yalipoanza alikwisha kuondoka. Mlangoni aliniambia kwamba mhudumu hufika saa 4 asubuhi, ilhali mgonjwa huhitaji kugeuzwa na kusafishwa alfajiri. Jina lake lilihesabiwa kwenye mahudhurio. Neno lake halikuingia kwenye taarifa.

Sichoki kuwashauri waandaaji: mlipeni mtu wa kukaa na mgonjwa, sambazeni rasimu mapema kwa lugha nyepesi, kisha toeni jibu la maandishi linaloeleza maoni yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na kwa nini. Wala asiniambie mtu kwamba bajeti ni ngumu mno kwa raia wa kawaida, maana huko Porto Alegre, nchini Brazili, wakazi walianza kupanga vipaumbele vya sehemu ya bajeti ya jiji lao tangu mwaka 1989.

Wapo pia wanaopinga huduma hizi zenyewe, wakisema matunzo ni jukumu la familia peke yake. Familia zimekwisha kulibeba: Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba kazi ya matunzo isiyolipwa hufikia saa bilioni 16.4 kila siku, na zaidi ya robo tatu hufanywa na wanawake. Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo, yaani ya kugharamia huduma kwa wasiojiweza, mwaka 1995, Japani mwaka 2000, na familia huko hazikuacha kutunza wazee wao.

Kuhusu dai kwamba huduma za matunzo zikitolewa kwa wote, bila kuchuja kipato, huwanufaisha matajiri, tajiri hurudisha sehemu yake kupitia kodi inayopanda kulingana na kipato. Kuchuja wahitaji kwa fomu na vielelezo nako kunagharimu, na anayeachwa nje mara nyingi ni yule asiyeweza kuinuka kitandani kwenda kuvitafuta.