Je, wajua pikipiki ya nguvu za farasi 95 hupunguzwaje ibaki na farasi 47?

Nchini Uingereza, kijana wa miaka 19 aliyefaulu mtihani wa leseni ya daraja A2, la pikipiki za nguvu ya wastani, anaweza kupanda Honda CBR650R, pikipiki ya spoti ya silinda nne. Ikiwa kamili, injini yake hutoa kilowati 70, yaani farasi karibu 95. Yeye anaruhusiwa nusu tu: kilowati 35, sawa na farasi 47. Tangi ni lile lile, breki ni zile zile, na ndani ya injini hakuna pistoni wala vali iliyobadilishwa. Kilichobanwa ni hewa.

Na hata hiyo nusu si ndogo. Bodaboda ya cc 150 tuliyoizoea huwa na farasi 12 hivi.

Kikomo hiki kinatokana na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2006, ambalo nchi wanachama, Uingereza ikiwa mojawapo wakati huo, zilianza kulitumia tarehe 19 Januari 2013. Wengi hukumbuka sharti la kwanza tu, lile la kilowati 35. La pili linasema nguvu isizidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Gawa 35 kwa 0.2 upate 175: pikipiki yenye uzito chini ya kilo 175 hairuhusiwi kufikisha kilowati 35. Ya kilo 160 mwisho wake ni kilowati 32.

Sharti la tatu ndilo linalowanasa watu. Pikipiki iliyopunguzwa isiwe imetokana na ile yenye zaidi ya mara mbili ya nguvu yake. Yamaha R6, yenye zaidi ya kilowati 85, hata ukiibana vipi haiwezi kuwa ya A2. Hesabu hii pia inaanzia kwenye nguvu iliyobaki. Fundi akiibana pikipiki ya kilowati 70 ikashuka hadi 33 kwa kudhani anaongeza usalama, ameivunja sheria, maana mara mbili ya 33 ni 66. Ndiyo maana CBR650R inatakiwa itue kwenye 35 kamili. (Msomaji wa Kenya asichanganye: A2 ya Kenya ni daraja jingine kabisa, halihusiani na hesabu hizi.)

Sasa, kwa nini hewa? Injini hutoa nguvu kwa kuunguza petroli, na petroli haiungui bila hewa. Unaweza kupunguza petroli peke yake, lakini mchanganyiko ukiwa mwepesi (petroli kidogo, hewa nyingi) wakati injini inavuta mzigo, joto hupanda, na katika hali mbaya pistoni hutoboka kichwani. Unaweza kukata moto wa plagi injini ikifika mizunguko fulani kwa dakika, lakini dereva anayepita lori atashtukia injini inakatika ghafla akiwa upande usio wake. Kuziba ekzosi hufanyika kwenye vipikipiki vya cc 50, ila kwenye injini kubwa joto hubaki ndani. Ukipunguza hewa na petroli ikashuka pamoja nayo kwa uwiano ule ule, injini haiumii. Inafanya kazi kama vile dereva hajavuta mafuta hadi mwisho, basi.

Njia zinazotumika ni tatu, na ipi inafaa inategemea pikipiki inapataje petroli.

Pikipiki mpya nyingi hazina tena waya kutoka kwenye mkono wa mafuta hadi injini. Mkono una sensa, kompyuta inasoma dereva anataka nini, kisha mota ndogo inafungua kipepeo, lile bamba la mviringo kwenye mlango wa hewa. Hapa kupunguza nguvu ni kazi ya programu. Wakala wa kampuni anaunganisha kompyuta yake kwenye soketi ya uchunguzi, anapakia ramani ya A2, yaani mpangilio wa kikomo hicho, na kuanzia hapo kipepeo hakifunguki zaidi ya kiwango kilichopangwa kwa kila mzunguko. Ni njia safi kuliko zote, kwa sababu inakata pale tu inapohitajika.

Tazama hesabu. Nguvu kwa kilowati ni msokoto wa injini (nguvu yake ya kuzungusha) kwa nyutoni-mita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549. Msokoto wa juu kabisa wa CBR650R ni kama nyutoni-mita 64. Hata ukiupata wote kwenye mizunguko 5,000, unapata kilowati 33.5. Maana yake chini ya mizunguko 5,000 injini kama hii haijawahi kufika 35, kwa hiyo hapo hakuna kinachohitaji kukatwa. Kwenye mizunguko 10,000 ndipo msokoto unatakiwa ushushwe hadi nyutoni-mita 33 tu. Anayedhani pikipiki iliyopunguzwa ni legevu katika kila gia ataelewa kosa lake kwenye taa za kwanza zikiwa kijani: kutoka kusimama, inachomoka karibu sawa na ile kamili.

Kwa pikipiki zenye waya wa mafuta na nozeli za kielektroniki, kinachotumika ni kizuizi cha kipepeo: kipande cha chuma au skrubu inayokizuia kufunguka hadi mwisho. Kizuizi kiwe kwenye kipepeo chenyewe. Kikiwekwa kwenye mkono wa mafuta, waya ukivutika au ukirekebishwa, kiwango cha nguvu kinabadilika nao. Baada ya kufunga, hakikisha mkono unarudi wenyewe ukiachiwa, na una uchezaji wa milimita 2 hadi 5. Kisha, injini ikiwa inanguruma, zungusha usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Resi zikipanda, waya umebanwa mahali, na pikipiki hiyo isitoke nje mpaka irekebishwe.

Njia ya tatu ni ya zamani, ya pikipiki za kabureta, nayo ina mitego mingi kuliko hizo mbili: washa za kupunguza hewa. Ni visahani vya alumini vyenye tundu katikati, kimoja kwa kila silinda, vinavyokaa ndani ya mpira kati ya kabureta na injini. Ukubwa wa tundu hupangwa na mtengenezaji wa washa kwa kila modeli. Usitoboe zako kwa kukisia.

Mahali washa inapokaa ndipo siri ilipo. Ikiwekwa upande wa injini, mvuto unaofika kwenye kabureta unapungua, kwa hiyo petroli inayonyonywa inapungua pamoja na hewa. Ikiwekwa upande wa kichujio cha hewa, mvuto ndani ya kabureta unaongezeka, nayo inanyonya petroli zaidi kana kwamba umevuta choki. Plagi zinakuwa nyeusi, ekzosi inanuka petroli, injini inamisi. Kosa la namna hiyo hiyo hutokea ukiweka washa kwenye pikipiki ya nozeli ambayo kompyuta yake, mafuta yakivutwa sana, hupima petroli kwa kuangalia kipepeo kimefunguka kiasi gani. Kompyuta inaona mlango uko wazi kabisa, inamimina petroli ya mlango wazi, kumbe hewa haijafika.

Kazi yenyewe ifanyike injini ikiwa baridi. Toa waya wa hasi wa betri, funga koki ya petroli, inua tangi, ondoa boksi la kichujio. Legeza klipu za mipira, kisha vuta kabureta zote kwa pamoja, zikiwa zimeungana, moja kwa moja kuelekea nyuma. Kuzipinda huchana mipira iliyozeeka, na mpira uliopasuka ubadilishwe papo hapo. Panguza ndani ya kila mpira, weka washa ikae bapa pande zote, na zote ziwe na tundu la ukubwa mmoja. Rudisha kabureta kwa kupaka mafuta kidogo ya silikoni kwenye midomo ya mipira, kaza klipu, rudisha boksi, tangi na waya wa betri, fungua koki, kisha anzisha injini uiache ipate moto.

Sikiliza mngurumo wa chini, ule ambao baadhi ya mafundi huuita sailensa. Injini nyingi za silinda nne hutulia kwenye mizunguko kati ya 1,100 na 1,400, lakini kitabu cha modeli yako ndicho cha kufuata. Resi zikipanda na kushuka zenyewe, au ekzosi ikitoa milio ya kupasuka-pasuka unapoachia mafuta, kuna washa iliyokaa upande na hewa inaingia pembeni. Silinda inayovuta hewa hiyo inaunguza mchanganyiko mwepesi, na usipoishughulikia inaweza kuungua vali. Malizia kwa kusawazisha kabureta kwa geji za mvuto, kwa sababu zilipochomolewa na kurudishwa hazibaki sawa.

Ukitaka uthibitisho, kuna mashine ya roli ya kupima nguvu. Kumbuka tu kwamba sheria inazungumzia nguvu ya injini, na roli inapima kwenye tairi la nyuma. Kati yake kuna gia na mnyororo, na kwa kawaida sehemu ya asilimia 10 hadi 15 inapotea njiani. Pikipiki iliyopunguzwa sawasawa hadi 35 huonyesha kilowati 30 au 31 kwenye roli. Ikionyesha 35, imezidi.

Baada ya kazi, cheti cha fundi kinachotaja namba ya chasisi kitunzwe, na bima iambiwe. Ujerumani inataka badiliko hilo liandikwe kwenye hati za usajili. Aliyekamatwa na pikipiki inayozidi leseni yake anahesabiwa kama hana leseni ya kuiendesha, na bima inaweza kukataa kumlipia.

Anayeanza aelezwe wazi ambacho kupunguza nguvu hakifanyi. Ukinzani wa upepo hudai nguvu kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kukata farasi nusu hupunguza mwendo wa juu kwa karibu moja ya tano tu: penye kilomita 200 kwa saa, panabaki kama 160. Uzito haupungui hata kilo moja. Breki za mbele za spoti bado zinaweza kufunga tairi kwa vidole viwili pale ambapo hakuna mfumo wa kuzuia tairi kufunga, na usukani wa chini bado unaubebesha mkono uzito wa mwili, mkono ule ule unaotakiwa uwe mlaini kwenye mafuta. Kwa sababu hiyo, kwa mtu ambaye hajawahi kupanda kabisa, CBR500R yenye kilowati 35 tangu kiwandani, au Kawasaki Ninja 400 iliyo nyepesi zaidi, ni shule bora kuliko pikipiki kubwa iliyobanwa. Kupunguza nguvu kunamfaa zaidi anayejua tayari mikono na breki, na anayetaka kubaki na pikipiki hiyo hiyo leseni yake ikipanda baada ya miaka miwili.

Siku ya kuzitoa washa, zihesabu mkononi kabla ya kurudisha kabureta. Silinda nne, washa nne. Moja ikisahauliwa ndani, silinda hiyo itabaki nyuma ya wenzake, na injini itatetemeka mafuta yakivutwa sana hata kama sailensa imetulia. Ni jambo la kukagua pia kwa anayenunua spoti ya kabureta iliyotumika Ulaya ambayo inavuta vizuri chini lakini inakataa kupanda juu: kabla ya kufungua injini, ng'oa kabureta umulike ndani ya mipira.