Mlima mfupi si mlima rahisi: dhana zinazowapotosha wanaochagua pa kwenda kupanda na kutembea

Msimu ukikaribia simu huanza kuita, na maneno ni yale yale: "Kilimanjaro sitauweza, nitafutie mlima mdogo. Meru, Kenya, au hata Rwenzori." Anayesema hivyo ameshaipanga milima ya Afrika Mashariki kwa urefu, kutoka mrefu hadi mfupi, na anaamini kwamba kwa kufanya hivyo ameilinganisha kwa ugumu. Nimelisikia hili kupita kiasi. Linaniuma kwa sababu ndilo linalowaleta watu mlimani wakiwa hawajajiandaa, na sisi waongozaji na wapagazi ndio tunaowashusha usiku wakiwa wameegemea mabega yetu.

"Mlima ukiwa mfupi, ni rahisi"

Urefu wa kilele unakuambia jambo moja tu: hewa itakuwa nyepesi kiasi gani ukifika juu. Haukuambii utalala wapi, utapanda mita ngapi kwa siku, wala utakanyaga nini njiani. Na mgeni huchoka au huugua kwa hayo matatu kabla hata kilele hakijaonekana.

Anza na pa kulala. Mwili huanza kuusikia mwinuko kuanzia kama mita 2,500. Madaktari wanaoshughulika na magonjwa ya mwinuko wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, kila usiku usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana, na kila siku tatu au nne upumzike siku moja. Sasa ipime njia ya Marangu ya Kilimanjaro kwa kipimo hicho, kambi kwa kambi: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Unaruka mita 1,000 kila usiku. Ndiyo maana mgeni wangu wa Marangu lazima alale Horombo siku mbili. Anayekataa kulipia siku hiyo namwomba atafute mwongozaji mwingine, na sitabadilisha msimamo huo.

Njoo Mlima Kenya, ule "mdogo". Point Lenana, kilele wanachofika watembeaji, kina mita 4,985, zaidi ya mita 900 chini ya Uhuru, kilele cha Kilimanjaro. Lakini kwa njia ya Sirimon usiku wa kwanza mara nyingi unalala Old Moses, mita 3,300, na usiku wa pili Shipton, mita 4,200. Kwa Marangu, usiku wa pili uko Horombo. Kwa hiyo mlima mfupi umekulaza karibu mita 500 juu zaidi, usiku ule ule wa pili. Upande wa Naro Moru gari linaweza kukupandisha hadi karibu na kituo cha hali ya hewa, kwenye mita 3,050, na mtu aliyeamka Nairobi asubuhi analala hapo jioni. Halafu anashangaa kichwa kinapasuka na chakula hakipiti! Mlima haujamfanya lolote, ni ratiba.

Upande wa kukanyaga ndiko tofauti inakoonekana zaidi. Meru ina mita 4,566. Usiku wa kilele unatoka kambi ya Saddle, mita 3,570, unapanda karibu mita 1,000 gizani, na sehemu kubwa ya njia inafuata ukingo wa kreta: upande mmoja shimo, upande mwingine mteremko, chini ya miguu mwamba na majivu. Mwamba ukishika barafu unautambaa kwa mikono. Na kwa sababu ya nyati na tembo wa huko chini, mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, mara nyingi mkiwa kundi moja, kwa hiyo mwendo unaweza usiwe wako. Usiku wa kilele cha Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ni mrefu na baridi yake ni kali, lakini ni mwendo wa miguu tu, hatua moja baada ya nyingine.

Rwenzori ni habari nyingine kabisa. Margherita, kilele chake cha juu, ina mita 5,109, na mtu aliyewahi kufika Uhuru hujiona amemaliza kazi. Siku nzima nzima utakuwa ndani ya gambuti, kwa sababu buti la kawaida la kupandia halifai kwenye tope lile. Kwenye kinamasi cha Bigo unaruka kutoka kishungi kimoja cha majani hadi kingine, ukikosea mguu unazama hadi gotini, na kuuchomoa ni shughuli. Ukifika kambi ya Elena, mita 4,541, unavua gambuti, unafunga meno ya chuma chini ya viatu vyako, unajifunga kamba na wenzako na kupanda barafu. Kilimanjaro haifundishi hata kimoja kati ya hivyo. Barafu yenyewe inazidi kurudi nyuma, hivyo simulizi la rafiki yako aliyepanda miaka ile si ramani ya leo.

Na Ol Doinyo Lengai? Mita 2,962 tu, karibu nusu ya Kilimanjaro, na ugonjwa wa mwinuko hapo si tatizo kubwa. Lakini unaondoka usiku wa manane kulikimbia joto, unapanda zaidi ya mita 1,500 kwa mfululizo, mlima umesimama wima, hakuna kivuli, hakuna maji, na majivu yanakurudisha nyuma kila hatua. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Tena ni volkano hai, ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na kuendelea hadi 2008, kwa hiyo kabla ya kwenda unauliza hali yake ya wakati huo.

Anayebaki na shaka aitazame historia. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Batian, kilele cha juu cha Mlima Kenya chenye mita 5,199, ilimsubiri Halford Mackinder na wenzake wawili hadi 1899. Margherita ilifikiwa 1906 na msafara wa mwana wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi. Mrefu ulitangulia, mfupi kuliko yote ukafika mwisho. Batian hadi leo haifikiwi kwa kutembea, lazima ujue kupanda mwamba kwa kamba.

Kwa hiyo ukitaka nikulinganishie maeneo, usiniulize lipi lina mlima mdogo. Niambie una siku ngapi, unakwenda mwezi gani, umewahi kulala mwinuko gani na ulijisikiaje.

"Mimi nina mazoezi, mwinuko hautanisumbua"

Mapafu yenye mazoezi hayana kinga. Kijana anayekimbia kila asubuhi hupanda haraka, anapuuza maumivu ya kichwa, na usiku anatapika wakati mama wa makamo aliyekwenda polepole amelala vizuri. Ninapokuwa na wasiwasi na mtu namtembeza kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, tunashuka saa hiyo hiyo, hata kama kilele kinaonekana. Kadhalika anayehema akiwa ameketi tu. Dawa ni kushuka, si kulala ungoje asubuhi.

"Januari ni kiangazi, twende popote"

Hili nalo linaharibu safari nyingi, ingawa haliui. Kaskazini mwa Tanzania kuna misimu miwili ya mvua, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuelekea mwisho wa mwaka, na katikati yake Januari na Februari huwa pakavu. Ukishuka nyanda za juu kusini mvua ni moja, ndefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Mtu anachukua kalenda ya Moshi, anaipeleka Udzungwa mwezi Januari, na njia ya kwenda kwenye maporomoko ya Sanje inateleza kama sabuni.

Kitulo, hifadhi ya huko huko kusini, wanakosea kinyumenyume. Watu huenda Agosti kwa sababu "ni msimu mzuri", wanakuta nyasi zilizokauka na asubuhi yenye sakitu, kisha wanasema hifadhi haina kitu. Maua ya Kitulo, okidi na mengine, huchanua wakati wa mvua. Nenda na koti la mvua na uvumilie tope, ndiyo bei yake. Rwenzori nako usisubiri ukavu. Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, mvua hupungua, haiishi.

"Hifadhini ni kukaa ndani ya gari tu"

Si kweli. Udzungwa, kilomita za mraba 1,990, haina barabara ya kuzungukia watalii, kila kitu ni kwa miguu. Mahale na Gombe sokwe unawafuata kwa kutembea. Hifadhi ya Arusha inakuruhusu kutembea ukiwa na askari, na Hell's Gate kule Naivasha, ndogo tu, kilomita za mraba 68, unaizunguka kwa baiskeli huku pundamilia wakila pembeni. Hapo ndipo dhana ya "hifadhi kubwa ndiyo bora" inapoanguka pia: Nyerere ni kubwa mara mamia kuliko Hell's Gate, lakini baiskeli yako itabaki nyumbani.

Na mwenye siku tatu tu, asiye na hamu ya baridi wala kichwa kuuma, namwelekeza Usambara. Lushoto hadi Mtae kupitia msitu wa Magamba unalala vijijini, chini ya mwinuko unaoleta ugonjwa, na kila siku miguu inafanya kazi ya kutosha.