Amechoka Yeye, au Amechoshwa na Taa?

Baada ya kila mdahalo wa wagombea husikii watu wakibishana juu ya kodi. Utasikia: "Yule alionekana mgonjwa." Sisi tunaofundisha elimu ya habari tunaomba mjiulize kwanza: picha hiyo ilipikwaje?

Tarehe 26 Septemba 1960, mjini Chicago, John F. Kennedy na Richard Nixon walikutana katika mdahalo wa kwanza wa urais wa Marekani kurushwa na televisheni. Watazamaji walikuwa takriban milioni 70. Nixon alikuwa ametoka kulazwa hospitali kwa maambukizi ya goti, amekonda hata ukosi wa shati unampwaya shingoni. Alivaa suti ya kijivu hafifu. Picha za siku hizo hazikuwa na rangi, na ukuta wa nyuma nao ulionekana kijivu, basi mabega yake yakawa kama yamemezwa na ukuta. Kennedy, katika suti ya rangi iliyokoza, alijitokeza vizuri.

Halafu ndevu. Nixon alikuwa na ndevu nyeusi kwenye ngozi nyeupe, zile ambazo ukinyoa asubuhi, jioni kivuli kimerudi. Alikataa kupambwa na mtaalamu, akapakwa tu poda ya kufunika kile kivuli. Chini ya taa kali jasho likatoka. Na hapa pana jambo ambalo watu hulisahau: mwongozaji wa matangazo ndiye anayechagua kamera ipi iende hewani. Kennedy akiwa anazungumza, skrini ilimwonyesha Nixon akijifuta jasho. Kwa mtazamaji, hilo nalo likawa jibu.

Husimuliwa kwamba waliosikiliza redioni walimpa Nixon ushindi. Ushahidi wa hilo ni dhaifu, kwani wasikilizaji waliohojiwa walikuwa wachache. Ninaloliamini zaidi ni jaribio la mtafiti James Druckman, lililochapishwa 2003: watu 171 waligawanywa, wengine wakatazama mdahalo uleule, wengine wakausikiliza tu. Waliotazama walielekea zaidi kumwona Kennedy mshindi, na walipima zaidi haiba ya mtu.

Mdahalo wa tatu, tarehe 13 Oktoba, Nixon alikuwa Los Angeles na Kennedy New York. Walikuwa miji tofauti, lakini skrini iliwaweka ubavu kwa ubavu.

Wakenya walipotazama wagombea wanane wa urais wakiwa wamepangwa jukwaani Februari 2013, uzito wa chaguo la mwongozaji ulikuwa mkubwa zaidi: mmoja akisema, kuna nyuso saba za kuchagua.

Mdahalo ujao, fanya hivi. Dakika kumi za kwanza ipe runinga mgongo, uandike ulichosikia kuhusu mbolea, ajira au maji. Kisha geuka, utazame dakika kumi nyingine, uandike tena. Ukimaliza, zungushia duara kila neno linalohusu uso, jasho au nguo, uhesabu yapo mangapi kwenye kila karatasi.