Grainda ya mezani: tazama pengo kabla ya cheche

Fundi anayeiogopa grainda ya mezani mara nyingi huogopa cheche. Ni kweli, bila miwani ya kinga cheche moja inatosha kukuharibia jicho. Ila mimi nikiingia karakana, iwe Katwe au Kisenyi hapa Kampala, kwanza hutazama kiegemeo, kile kibao cha chuma unapolaza patasi ukiinoa.

Jiwe la kunolea linalozunguka huliwa kila siku, kiegemeo kimebaki palepale kilipofungwa mashine ilipokuwa mpya. Pengo linapanuka polepole, mpaka siku patasi inadakwa na kuvutwa chini, vidole vikifuata. Jiwe likikwama namna hiyo linaweza kupasuka. Kati ya kiegemeo na jiwe pasizidi milimita 3. Ule ulimi wa juu, kibati kinachorekebishwa kwenye kifuniko cha jiwe, usiwe mbali na jiwe kupita milimita 6. Rekebisha mashine ikiwa imezimwa na jiwe limesimama kabisa. Nimeona watu wakigonga kiegemeo kwa nyundo huku jiwe linazunguka!

Kwa umeme wetu, grainda nyingi huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Ukingo wa jiwe la inchi 8 hapo unakwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kama basi la usiku la Gulu. Kipande kikichomoka, huna muda wa kuinama. Ndiyo maana mzunguko ulioandikwa kwenye jiwe usiwe chini ya ule wa mashine.

Jiwe jipya lisikilize kwanza. Litundike kwa kidole kwenye tundu, uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi wa mbao. Lililo zima hulia kama kengele; lenye ufa hutoa mlio mfu. Hilo tupa, usimpe hata jirani. Ukishalifunga, washa, simama kando, liache lizunguke dakika nzima.

Glavu na matambara weka mbali, hudakwa upesi. Miwani ni wajibu: Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Alumini usiinolee hapo, huziba jiwe.

Na ile karatasi ya duara iliyobandikwa ubavuni mwa jiwe, usiibandue. Wengi hudhani ni lebo tu, kumbe ni mto unaosambaza mkazo wa nati, jiwe lisipate ufa ukilikaza.