Kuvuka Mlangobahari Wenye Meli Nyingi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea sana miongoni mwa wenye vyombo vidogo ni kwamba mashua ya tanga hupishwa na kila chombo chenye injini, popote pale. Katika bahari ya wazi dhana hiyo ina msingi wake, lakini ndani ya mlangobahari mambo hugeuka. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977, zinaagiza katika Kanuni ya 9 kwamba chombo cha tanga, au chombo chochote chenye urefu usiofika mita 20, kisiizuie meli ambayo haiwezi kupita salama ila ndani ya njia nyembamba yenye kina. Meli kubwa iliyosheheni huweza kwenda kilomita mbili au zaidi kabla ya kusimama, na ikikwepa nje ya njia yake huenda ikapanda mwamba.

Wengine hujituliza kwa kusema kuwa meli bado iko mbali. Meli yenye mwendo wa maili 20 za baharini kwa saa humaliza maili moja, yaani mita 1,852, kwa dakika 3 tu, ilhali ukubwa wake huifanya ionekane kama inajikokota. Jicho lisiaminiwe hapa, bali ipimwe dira: ikiwa meli inakaribia na mwelekeo wake kwenye dira haubadiliki, hatari ya kugongana ipo. Hata ukibadilika, tahadhari haiishi pale chombo kinapovuta kingine kwa kamba ndefu, kwa kuwa kupita katikati ya vyombo hivyo viwili ni kuijongelea kamba ambayo huenda imezama chini ya maji.

Ipo pia imani kwamba nahodha aliye juu anatuona. Kanuni za ujenzi wa meli zenyewe huruhusu sehemu ya bahari iliyo mbele ya omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, isionekane kutoka chumba cha usukani, kwa umbali wa mara mbili ya urefu wa meli au mita 500, kutegemea upi ni mfupi. Boti ya mbao au ya faiba nayo hurudisha mawimbi ya rada kwa udhaifu, hasa bahari ikichafuka. Na honi ikipigwa mara 5 au zaidi, kwa mfululizo wa haraka, hiyo si salamu ya kupungiwa mkono, kama nilivyoona abiria wakifanya, bali ni kauli ya nahodha kwamba haelewi mnachokusudia.

Kosa la wenye uzoefu ni la aina nyingine. Penye njia za meli zilizotenganishwa, kama katika mlangobahari wa Dover kati ya Uingereza na Ufaransa, chombo kinachovuka hutakiwa kukata njia kwa pembe mraba, na wengi huelekeza omo dhidi ya mkondo wa maji ili alama ya safari yao, yaani mstari ambao chombo hupita kwa kweli, iwe mraba. Kanuni ya 10 inazungumzia omo, si alama ya safari. Omo ikiwa mraba, mkondo utakusukuma pembeni, lakini utavuka kwa muda mfupi zaidi na meli zitaona wazi kwamba unavuka.

Kuhusu maji, hudhaniwa kuwa mkondo hutulia maji yakishajaa kabisa. Mara nyingi katika milangobahari saa ya utulivu haiendani na saa ya kujaa wala ya kupwa, hivyo majedwali ya mikondo husomwa kando na yale ya kujaa na kupwa. Katika Bosphorus, mlangobahari wa Uturuki, mkondo wa juu kwa kawaida hutoka Bahari Nyeusi kuelekea Bahari ya Marmara bila kungoja kujaa na kupwa. Upepo ukipingana na mkondo, mawimbi huwa mafupi na yenye mwinuko mkali, yanayosumbua chombo kidogo kuliko upepo wenyewe.

Mandhari nayo hushawishi watu kuzima injini katikati ya njia ili wapige picha, wakidhani kituo kifupi hakina madhara. Anayetaka picha atoke kwanza nje ya maboya, penye kina kinachomtosha yeye lakini kisichoitosha meli.