Kwa nini Uturuki iliwafuata Wajapani Tehran mwaka 1985?

Tarehe 17 Machi 1985, vita vya Iran na Iraq vikiwa katika mwaka wa tano, Saddam Hussein alitangaza kwamba baada ya saa 48 ndege yoyote itakayoonekana katika anga ya Iran itatunguliwa, ya abiria nayo isibakie. Tehran ikataharuki. Mashirika ya ndege yaliyofika yaliwapa nafasi raia wa nchi zao kwanza. Wajapani waliokuwa wakifanya kazi huko, pamoja na wake na watoto wao, wakabaki na tiketi ambazo hakuna aliyezitaka. Sheria ya Japani ya wakati ule haikuruhusu ndege za jeshi kwenda kuwachukua, na shirika lao la ndege halikukubali kuruka bila kuhakikishiwa usalama.

Zilizokuja ni ndege mbili za Uturuki. Tarehe 19 zilipakia Wajapani 215 zikaondoka muda mfupi kabla ya saa mbili na nusu usiku, saa ya mwisho aliyoitaja Saddam. Nchini Japani watu walishusha pumzi, kisha wakaulizana: kwa nini Waturuki?

Jibu linaanzia mwaka 1887, mwanamfalme Komatsu Akihito wa Japani alipofika Istanbul akapokewa na Sultani Abdul Hamid II, mtawala wa Dola ya Uthmaniya, yaani Uturuki ya wakati ule, na Khalifa wa Waislamu. Mgeni akija kwako, nawe huna budi kwenda kwake. Julai 1889 Sultani akaituma merikebu ya kivita Ertuğrul, chini ya Osman Pasha, ipeleke salamu na nishani kwa Mfalme Meiji. Ilikuwa merikebu ya mbao, iliyoshushwa majini mwaka 1863, na uzee wake ulijitokeza mapema. Ilikwama katika Mfereji wa Suez, ikawa inasimama njiani kutengenezwa, na safari ikala karibu miezi kumi na moja. Hata hivyo, katika bandari kama Bombay na Singapore Waislamu walimiminika gatini kuiona bendera ya Khalifa.

Ilitia nanga Yokohama Juni 1890. Ujumbe ukafikishwa, lakini kipindupindu kikawaingia mabaharia na kuwachelewesha. Wenyeji waliwashauri wasubiri merikebu itengenezwe na msimu wa vimbunga upite. Hawakusubiri. Waling'oa nanga tarehe 15 Septemba, na usiku wa tarehe 16 kimbunga kikawasukuma kwenye miamba ya kisiwa cha Kii Oshima, mkoa wa Wakayama, chini kabisa ya mnara wa taa wa Kashinozaki. Maji yalipofika kwenye boila, ikalipuka, na merikebu ikapasuka. Zaidi ya watu 500 walikufa, Osman Pasha akiwa mmoja wao. Walionusurika ni 69.

Kinachonigusa mimi ni saa zilizofuata. Mabaharia wachache, wamejeruhiwa na kulowa chapachapa, waliparamia genge gizani wakiufuata mwanga wa mnara. Mlinzi wa taa hakujua lugha yao, wao hawakujua yake. Inasimuliwa kwamba alileta kitabu chenye bendera za mataifa, akawafunulia kurasa, nao wakaweka kidole kwenye hilali na nyota. Wanakijiji, watu wa kuvua samaki, wakashuka ufukweni na kuwabeba majeruhi mgongoni. Waliokuwa wakitetemeka kwa baridi walikumbatiwa mpaka wakapata joto. Chakula kisiwani kilikuwa haba, lakini walitoa viazi vitamu na kuchinja hata kuku waliokuwa akiba yao. Madaktari wa hapo walipotakiwa kupeleka hesabu ya malipo yao walikataa kwa barua, wakaomba fedha hiyo wapewe majeruhi.

Manowari mbili za Japani, Hiei na Kongo, ziliwarudisha mabaharia hao mpaka Istanbul, wakafika Januari 1891. Magazeti ya Japani yalichangisha fedha kwa ajili ya familia za marehemu. Kijana mmoja, Yamada Torajiro, naye alichangisha, akapeleka mwenyewe Istanbul mwaka 1892, na Uturuki ikawa makazi yake kwa miaka mingi.

Serikali zenyewe zilishindwa kuelewana, na hili husahaulika. Japani ilikuwa ikihangaika kujinasua na mikataba iliyowaruhusu Wazungu kuhukumiwa na mabalozi wao badala ya mahakama za Kijapani. Lakini ilipozungumza na Waturuki, waliokuwa na kidonda hicho hicho, ilitaka kwao upendeleo uleule waliopewa Wazungu. Wakakataa, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Uhusiano rasmi ukaja mwaka 1924, Dola ya Uthmaniya imekwisha, na mwaka 1945 Uturuki ikatangaza vita dhidi ya Japani. Muda wote huo makaburi ya mabaharia pale Oshima yalikuwa na watu wa kuyatunza. Watoto wa shule za huko hadi leo hufagia kwenye mnara wa kumbukumbu, na Uturuki nayo haikuisahau Ertuğrul.

Shukrani peke yake haikurusha ndege. Mfanyabiashara wa Kijapani aliyekuwa Istanbul alikuwa rafiki wa waziri mkuu Turgut Özal, akampigia simu. Kule Tehran balozi wa Japani alimwendea balozi mwenzake wa Uturuki. Lakini wapo marafiki wengi wanaoombwa jambo zito kama hilo wakajibu kwamba wana watu wao wa kuwafikiria kwanza, na hakuna ambaye angewalaumu Waturuki kwa jibu hilo. Maana Tehran siku ile walikuwamo pia mamia ya raia wa Uturuki. Viti vikakaliwa na Wajapani, na wengi wa Waturuki hao wakaingia kwenye magari, wakashika barabara ndefu ya kuelekea mpakani kwao.