Nyimbo za simu pekee hazimfundishi mtoto mchanga Kiingereza

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya wazazi: mwashie mtoto wa mwaka mmoja nyimbo za Kiingereza kwenye simu kila siku, atakizungumza mwenyewe kabla ya chekechea.

Si kweli. Kwa umri huo lugha huingia kupitia mtu anayemtazama mtoto machoni, anayemjibu na kumsubiri. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa watoto wa Marekani wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina. Waliocheza na msemaji aliye mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama video ya wasemaji walewale hawakujifunza.

Kinachotuchanganya ni kwamba mtoto akikua kidogo huweza kuimba ubeti mzima bila kukosea. Tunafurahi, na ni haki yetu, ila kuimba si kuelewa. Jaribu mwenyewe: zima simu, usionyeshe kwa kidole, mwambie kwa Kiingereza aguse pua. Akiduwaa, huenda amekariri sauti tu.

Wimbo wenyewe hauna kosa. Imba naye, pigeni makofi, gusaneni pua na magoti yanapotajwa, ficheni mpira na kuutafuta. Kiswahili cha nyumbani kiendelee, hakizuii Kiingereza. Na ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.